Singo ya pili waachieni mashabiki wachague

Kila albamu ya Bongo ikitoka ubishi ni ule ule, ngoma ipi ipewe video na ipi isukumwe redioni, na mi huwa naingia mzima mzima kwasababu naona wasanii wetu jambo hili wanalichukulia juu juu sana na nyimbo nzuri zinakufa hivi hivi.

Zamani singo ilikuwa sahani ndogo ya santuri inauzwa kivyake, kwahiyo lazima lebo, yaani kampuni inayosimamia msanii, ichague. Siku hizi albamu nzima inashuka usiku mmoja YouTube na Boomplay, singo imebaki kuwa ile ngoma inayowekewa hela, na singo ya pili ni ile inayochaguliwa humo humo albamu ikishatoka. Sasa mtindo wetu ukoje, kabla albamu haijatoka ngoma kibao zishatangulia, ikifika unakuta zile za kuchezeka tushazichoka, afu baada ya muda mfupi msanii anatoa ngoma nyingine kabisa ambayo hata kwenye albamu haimo. Zile zilizobaki nani atazisikia?

Chukua Only One King ya Alikiba, ngoma 16, Oktoba 2021. Ndombolo, Salute na Jealous zilishatangulia. Hapa Mtwara kijiweni kwetu kuna waliosimama na Gimme Dat kisa kashirikishwa Sarkodie, rapa wa Ghana, wanasema hiyo ndo itamfikisha mbali, mi nikasimama na Utu na sijatoka hapo mpaka leo. Utu haina mbwembwe, imeenda taratibu, sauti ya Kiba imekaa mbele kabisa na ukiisikia mara ya tatu ushaanza kuimba nayo bila kujijua. Ikapewa video na nashukuru ilipewa, maana huku harusini inapigwa mpaka kesho. Ingefuatwa ile hesabu ya nani kashirikishwa wala isingefika huko.

Na hiyo hesabu ya kolabo ndo inaniuma zaidi nikija kwa Harmonize, kijana wetu wa Chitoholi, Tandahimba. Albamu yake ya Afro East ilitoka Machi 2020, ngoma 18, mwezi ule ule corona inaingia nchini. Watu wote macho kwa Burna Boy wa Nigeria aliyeshirikishwa humo, wakati humo humo kuna Wife na Lady Jaydee! Jide jamani, dada wa muziki huu, na mtoto wa Kusini wimbo mmoja, ule ndo ulikuwa wimbo wa kubeba albamu na kuzunguka nao mikoani, mama zetu wangeimba na watoto wangeimba, halafu corona ikaja kila mtu akawa na lake.

Mtu ataniambia mwaka ushapita, wimbo wa zamani huwezi kuurudisha. Mbona wenzetu wanarudisha? Cruel Summer ya Taylor Swift ilikuwemo kwenye albamu ya Lover, Agosti 2019, mashabiki wakalia miaka ipewe nafasi, mwenyewe alisema mipango ya kuifanya singo ilivurugwa na corona hiyo hiyo. 2023 akaanza ziara, akaiweka mwanzoni mwanzoni, uwanja mzima unaimba, Juni ikatoka rasmi kama singo na Oktoba ikakaa namba moja kwenye chati ya Billboard kule Marekani. Miaka minne! Na Michael Jackson je, Thriller ina ngoma 9 na 7 zilitoka kama singo, ile yenyewe yenye jina la albamu ikawa ya mwisho, video yake imetoka Desemba 1983 wakati albamu ina mwaka mzima sokoni. Hakuna aliyesema imepitwa.

Msanii akitaka kujua ngoma ipi watu wameichagua asiangalie tu namba za YouTube, watu wengi huku bando ni la kubana. Atume mtu kwenye vibanda vya kuweka nyimbo kwenye flashi na memori kadi, Mtwara mjini, Masasi, Newala, Lindi, aulize mteja akija anataja wimbo gani kwa jina. Yule kijana wa kibandani anajua kabla ya lebo haijajua. Aulize na madijei wa sherehe, kwasababu wimbo ukipigwa saa nane usiku na akina mama wakarudi katikati, hiyo ni singo tayari, kilichobaki ni video tu.

Afu na muda jamani. Minada ya korosho inaanza Oktoba, hela inaingia, watu wananunua redio, sherehe kila kona, ndo wakati wa kuachia singo ya pili na kuja nayo stejini uwanja wa Nangwanda hapa Mtwara, sio kutuletea ngoma mpya tusiyoijua huku za albamu bado tunazidai. Na Harmonize kama anapita huku msimu huu, sisi wana Mtwara kuchele tunaomba Wife, aje na Jide mwenyewe, aiweke mwanzoni.