Gunia la maharage lipo, mtoto anakunywa uji mweupe

Mwandishi umeuliza inakuwaje Iringa, mkoa unaolisha mikoa mingine, uwe na udumavu (mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake) wa asilimia 56.9 kwa watoto wa chini ya miaka mitano (utafiti wa 2022), wakati kitaifa ni 30. Mimi naishi Kilolo, humo humo Iringa, naomba nijibu kwa ninachokiona.

Jirani yangu anaenda shamba alfajiri. Mwanawe wa miaka mitatu anabaki na dada yake wa miaka minane na sufuria ya uji wa sembe: maji, unga, sukari, basi. Mchana ugali na majani ya maboga, kisha kikombe cha chai ya rangi, ambayo inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye hiyo mboga. Maharage yapo, gunia zima limeegemea ukuta likisubiri bei. Mayai yanaenda gengeni. Mtoto ameshiba kweli, tumbo limejaa, ila ukimsimamisha kwenye kibao cha kupimia urefu analingana na wa miaka miwili.

Na nani anampima? Wengi wetu chanjo ya surua ya miezi 18 ikiisha, kadi ya kliniki inafungwa kwenye rambo, haifunguliwi tena.

Wababa wenzangu, bei ya gunia tunaipanga sisi. Tutoe debe moja libaki nyumbani kabla dalali hajafika, na mahindi ya uji yasagwe dona. Mayai mawili matatu kwa wiki nayo yasitoke nje ya mlango.