Mrithi Yupo, Anakunywa Kahawa

Nimeandikiwa barua kwa jina langu, la baba na la babu, sanduku la posta sawasawa, niulizwe kama nipo.

Sitanii. Afisi moja ya mawakili, ambayo sitaitaja kwa kuwa mimi ni mtu wa heshima na isitoshe sina pesa za kesi, inanijulisha kwamba shamba la marehemu ami yangu kule Mambrui, pamoja na minazi yake na kisima kilichokauka tangu yeye mwenyewe yu hai, halina mrithi anayejulikana. Nisipojitokeza, shamba hilo lita... Hapo ndipo penye balaa. Hapo pamekaa kitenzi kimoja cha Kizungu ambacho sijawahi kukutana nacho shuleni, mahakamani wala kwenye redio: escheat.

Shamba la ami yangu litafanywa hivyo. Mimi ni nani hata nikatae jambo nisiloweza kulitamka?

Saiba hakuna stima. Bando, mnajua. Afisi ya ardhi, mnajua zaidi. Shemeji yangu, mjuzi wa sheria zote isipokuwa ile ya kulipa deni, alitaka nauli ya kwenda Mombasa akaulize. Nikachukua barua yangu nikaenda barazani kwa muuza kahawa, maana pale hata kama hujibiwi, unasikilizwa.

Alikuwepo Mwalimu. Huyu amefundisha Kiingereza nusu ya Malindi kabla ya kustaafu, na kila mtu anamkumbuka kwa makosa yake. Nilimwamkia vizuri, nikampa barua. Hakuipokea.

"Soma wewe."

"Es-ke-ati."

Akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole chenye jipu. "Is-chiiit. Hiyo i ivute. Na uandike: e, s, c, h, e, a, t."

"Chiti?" Huyo ni biki boi aliyekuwa amejinyoosha mwisho wa baraza, miwani kichwani, anangoja msimu wa Wataliano. "Ami, hapo pana chiti ndani. Unatapeliwa."

"Wewe nyamaza," Mwalimu akasema. "Hilo ni neno la sheria, lina nasaba yake."

Akatuma mjukuu nyumbani akalete kamusi. Likaja kamusi halina jalada, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Muuza kahawa akaweka dele chini. Mwalimu akalamba kidole, akafunua, akalamba tena, na wallahi kabla ya kufika herufi E nilikuwa nimekwisha kulipia vikombe vya watu nisiowajua.

Habari yenyewe ni hii. Neno lilivuka bahari na Wanormani wa Ufaransa waliokwenda kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Mfalme wao, William, alishika kwamba ardhi yote ni yake, na wengine wote wameishikilia kwa hisani yake tu. Mshikaji akifa bila mrithi, au akipatikana na kosa kubwa, ardhi inamrudia bwana aliyempa. Kwa Kifaransa chao cha kale walisema imemwangukia. Na Kifaransa hicho kimetoka Kilatini, ex na kadere.

"Cadere!" Biki boi ameruka wima. "Cadere ni kuanguka! Kila siku nawaambia wageni kwa Kitaliano wakishuka mashuani: attento a non cadere, angalia usianguke!"

Kimya. Kijana aliyeacha shule darasa la saba amefasiri Kilatini mbele ya Mwalimu, kwa miwani ya jua. Mwalimu akanywa kahawa iliyopoa, akarudi kamusini kwa hadhi yake yote, akafuata mstari kwa kidole. Mara akalifunga. Haraka mno.

"Mwalimu, fungua."

"Hakuna kitu."

"Fungua, Mwalimu, tuko wote hapa."

Ikabidi afungue. Kumbe lile chiti letu, cheat ya Kizungu, la mtihani, la karata, la mke na mume, ni escheat hiyohiyo iliyokatwa kichwa! Wafalme wa Uingereza walikuwa na maafisa wao katika kila jimbo wa kuandikisha ardhi zilizoanguka, wakiitwa escheators. Kazi hiyo waliifanya kwa namna ambayo raia, badala ya kutafuta neno jipya la utapeli, walichukua lile la kazi ya afisa wakalifupisha. Yaani mtu ametoka tu na daftari la serikali kuandika mashamba, jina la kazi yake likawa tusi mpaka leo.

Baraza lilipasuka. Biki boi alipeana mikono na kila mtu, mpaka na mimi mwenye msiba. Mwalimu akajaribu kuokoa jahazi: Waingereza wenyewe, akasema, walibadilisha sheria mwaka 1925, na mali iliyokosa mrithi sasa wanaiita bona vacantia, yaani mali isiyo na mwenyewe. Biki boi akauliza, sasa inakwenda wapi? Mwalimu akasema, kwa mfalme.

Hapo mzee mmoja wa pembeni, ambaye husinzia tangu alasiri, akafungua jicho moja. "Hiyo ni ile ya 1908." Hakuna aliyemuuliza ipi. Sheria ya hati za ardhi, ukanda wetu huu wa pwani wa maili kumi: njoo udai shamba lako kwa karatasi, usipodai ni la Taji, yaani la mfalme wa Uingereza. Babu wa mtu yuko baharini na pepo za kusi, arudi na hati gani? Mwaka 1963 Taji likaondoka, ardhi ikavalishwa kofia ya serikali. Mzee akafunga jicho. Na katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi isiyothibitika mrithi wake kwa njia ya kisheria ni ya umma. Angalau hiyo unaielewa bila kamusi.

Lakini yakhe, hebu niulize. Mtu akose mrithi? Malindi hii? Ami hakujaliwa mtoto, mkewe alitangulia, na alipokuwa amelazwa tulikuwa tunapishana mlangoni mimi na nesi. Siku ya hitima, lo! Walitoka binamu ambao hawapo hata kwenye picha za harusi. Mmoja alivuka kutoka Pate na tepu ya kupimia mfukoni; nimeiona, ya chuma, ya manjano, aliigusagusa wakati wa dua. Sisi hatuna uhaba wa warithi wa kupeleka kwa mfalme yeyote!

Na mimi ni mtoto wa ndugu yake, baba mmoja, mama mmoja. Kwa Kadhi ni asaba, mrithi wa upande wa baba, hapana ubishi. Ubishi uko kwa chifu, ambaye lazima aandike kwamba nipo, na hawezi, kwa kuwa babu yangu barua inamwita Athman na kitambulisho changu kinamwita Othman. Herufi moja. Neno la Wanormani herufi saba zimeandikwa bila kukosewa hata moja, jina la babu yangu limewashinda! Kurekebisha wanataka cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu amezaliwa mwaka wa njaa, ndiyo tarehe iliyopo. Mimi nimesimama pale, nasema, ananiona, ananiambia "mzee, leta ushahidi." Ushahidi wa nini? Nirukeruke?

Nikaenda Mambrui kulitazama shamba kabla halijaanguka. Mkwezi yuko juu ya mnazi, anaangua, hana habari na barua wala mirathi. Nikamwita, nikajitambulisha kwa ukoo wote. Akashuka taratibu, akapangusa panga, akanipa pole ya msiba, kisha akaniuzia nazi za ami yangu. Nikaomba punguzo la mwenye shamba, akasema hilo analijua marehemu.