Amina niliyoitikia Nakuru

Nilikuwa mwandishi wa ushirika wetu wa nyumbani, na kazi yangu ilikuwa kuandika mahitaji ya maombi kwenye daftari la mistari lenye jalada la bluu. Mtu akitaja mgonjwa, naandika. Akitaja karo ya mtoto, naandika. Nilipohama nyumba mapema mwaka 2013, daftari hilo likatoka chini ya vyombo. Nikaketi juu ya godoro lililokwisha kufungwa kamba, nikaanza kulisoma. Kabla sijalimaliza nilikuwa nimeelewa kwamba imani niliyoitegemea tangu utotoni ilikuwa na kabila.

Nianze na Desemba 2007. Zilikuwa zimebaki siku chache tupige kura, kuchagua kati ya Rais Mwai Kibaki, Mkikuyu, na Raila Odinga, Mjaluo. Tulikuwa watu 11 sebuleni kwangu Nakuru, chai imekwisha kunywewa, na mzee wetu wa kanisa akafunga kwa maombi. Aliombea wagonjwa, akaombea wasafiri, kisha akaombea uchaguzi: Bwana awaaibishe adui zetu, awatawanye wanaotaka kutunyang'anya alichotupa. Tukaitikia amina. Mimi ni Mkikuyu, na wengi wetu pale tulikuwa Wakikuyu. Kando yangu, kwenye kochi hilohilo, alikuwa ameketi jirani yangu wa ploti, mama Mjaluo aliyeuza mboga langoni, Biblia yake imefungwa kwa kitambaa na kuwekwa magotini. Kila mtu aliyekuwa chumbani alijua atampigia nani kura. Naye akaitikia amina.

Yaliyofuata Wakenya tunayajua. Kura tarehe 27, tangazo tarehe 30, rais akaapishwa jioni ileile, na usiku huo nchi ikashika moto. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa Wakikuyu. Tarehe 27 Januari, Naivasha, watu 19 walichomewa ndani ya nyumba moja. Wengi wao walikuwa Wajaluo, na watoto walikuwamo. Hapo katikati Nakuru yetu nayo ikawaka. Jirani yangu aliondoka na watoto na gunia moja, bila kuaga. Meza yake ya mboga ikabaki pale langoni wiki nzima, hadi mtu akaichukua.

Sasa daftari. Kiambaa nimeiandika mara saba, mara ya kwanza kwa herufi kubwa. Tuliombea majeruhi, tukaombea waliofiwa, tukaomba haki itendeke. Naivasha, mji ulio umbali wa saa moja hivi kutoka kwetu, mji ambao jamaa zetu wengi wanaishi, imo mara moja tu: "Safari ya kwaya Naivasha imeahirishwa."

Nilisoma mstari huo hadi macho yakauma. Mwandiko ni wangu. Hakuna aliyetukataza kuwaombea wale 19, wala hakuna aliyesimama akasema hawafai kuombewa. Hawakutujia akilini. Tungekuwa tumewatukana, ningejua tumetenda dhambi, maana matusi nilifundishwa kuyatubu. Lakini tulikuwa tumepiga magoti, tukilia machozi ya kweli, tukiwaombea wafu wetu na kuwapita wa wenzetu. Nilikuwa nimeikariri Mathayo 5 shule ya Jumapili, "Wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi", na watu hawa hawakuwa wametuudhi kwa lolote.

Februari 2008 Baraza la Makanisa la Kitaifa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa sababu hiyo walishindwa kuikabili hali ilipoharibika. Wakati ule niliona kwamba ni maneno ya maaskofu, yanawahusu wao. Leo nayaona kuwa maelezo sahihi ya sebule yangu.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba kanisa hili liliwahi kuwa na sauti. Askofu Alexander Muge, aliyeikosoa serikali waziwazi, alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990 akirudi kutoka Busia, baada ya waziri kutamka wazi kwamba akikanyaga huko hatatoka hai. Tarehe 7 Julai 1997, siku ya maandamano ya kudai mabadiliko ya katiba, polisi waliingia katika kanisa kuu la All Saints, Nairobi, na mchungaji Timothy Njoya akapigwa. Watu wa makabila yote waliwasikiliza, kwa kuwa walichokisema hakikumnufaisha mtu wa kwao.

Baadaye ikaja bahasha, yaani pesa za wanasiasa. Nimeketi kwenye harambee nyingi za kanisa, nikaona viti vya plastiki vya mstari wa mbele vikifunikwa kitambaa cheupe kwa ajili ya mheshimiwa, na wajane wakirudishwa nyuma. Mheshimiwa anapewa kipaza sauti, anatoa "Bwana asifiwe" mara tatu, anatangaza mchango, kisha anaanza kuwachambua wapinzani wake mbele ya madhabahu nasi tunapiga makofi. Kila nikikumbuka makofi yale nasikia ile amina. Wako walioketi katikati yetu wakichambuliwa, na mikono yao nayo ilipiga makofi.

Kwa hiyo nilifurahi sana Septemba 2021, Butere, siku ya kumsimika Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu kamili wa Kianglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipokataa kuwapa wanasiasa nafasi ya kuhutubia. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kuzirudisha pesa ambazo rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Kayole. Miezi michache kabla ya hapo vijana walikuwa wameingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na walikuwa wanatuuliza sisi wazazi swali ambalo hatukuwa na jibu lake: mnamheshimu nani humo kanisani? Wapo waliodai kwamba vijana wanalidharau kanisa. Mimi niliona wanalidai lirudishe kilicho chao.

Hata hivyo kurudisha bahasha ni kazi nyepesi kuliko ile ya sebuleni. Bahasha ina jina la aliyeitoa. Maombi yetu nani atayarudisha?

Nilimtafuta jirani yangu mwaka ule ule wa 2013. Namba yake niliipata kwa mwenye ploti; alikuwa Kisumu, anauza mboga bado. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, halafu nikamwambia nimempigia simu kuomba msamaha kwa ajili ya maombi ya siku ile. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, mimi nami nilisema amina. Ningefanyaje? Nilikuwa nyumbani kwako." Hakuwa na hasira. Alinieleza kwamba tangu siku hiyo hakuweza kusali Sala ya Bwana hadi mwisho. Anaanza "Baba yetu", anakwama hapo, kwa kuwa hajui tena kama yumo ndani ya hilo "yetu".

Sijaacha kanisa. Rafiki zangu wawili wameacha, na sababu zao nimezisikia na siwalaumu. Mimi bado namwamini Kristo, na siku hizi namwogopa zaidi kuliko nilipokuwa msichana, kwa sababu nimeona jinsi nilivyoweza kulitaja jina lake nikiwa nimempa kisogo. Kilichobadilika ni kwamba mtu akianza kuomba kwa sauti, nayafungua macho. Natazama nani yumo chumbani, na nani angekuwamo lakini hayumo.

Mwaka 2027 tunapiga kura tena. Ushirika wetu wa sasa hukutana Alhamisi, na wamenipa tena kazi ya uandishi. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya nimeandika Kiambaa, na chini yake Naivasha, na kila tukianza maombi mmoja wetu huyasoma majina yote mawili. Mwezi uliopita mzee mmoja aliniuliza kwa nini nafukua mambo ya kale, watu wamekwisha kusahau. Nilimletea lile la bluu, nikamwomba akalisome nyumbani kwake. Bado hajalirudisha.