Mgombea binafsi: majaji saba walikuwa na njia nyingine

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, uchaguzi ukikaribia, jina la Mchungaji Christopher Mtikila wa Ludewa hurudi midomoni. Alichodai ni kwamba raia aweze kugombea bila chama. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 1994, Bunge likaweka kizuizi ndani ya Katiba. Akafungua kesi tena, akashinda mwaka 2006. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani likaamua kwamba suala hilo ni la kisiasa, lirudi bungeni.

Wanaoitetea hukumu hiyo wana hoja. Majaji hawapigiwi kura, na ibara ya 98 imelipa Bunge mamlaka ya kubadilisha Katiba. Jaji akianza kufuta ibara za Katiba yenyewe, atazuiwa na nani?

Lakini Mtikila hakuwaomba majaji watunge Katiba mpya. Aliwaomba waisome yote. Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Ya 39 na ya 67 zinadai mgombea urais au ubunge awe na chama. Ibara zikigongana hivyo, ni kazi ya nani kuzipatanisha? Wabunge wa majimbo wote wameingia kwa tiketi ya chama. Kuwaachia waamue kama asiye na chama ashindane nao ni kumpa mshindani filimbi ya mwamuzi.

Na athari zake haziishii bungeni. Hata uenyekiti wa kijiji unadai chama. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilipojitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, CCM ilipata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi, nyingi bila mpinzani. Mkulima wa viazi anayeaminiwa na kijiji kizima, ila hana kadi ya chama, sheria haikumwachia mlango. Wanakijiji wenzake nao hawakuwa na wa kumchagua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mabishano yote ya wanasheria.

Kuheshimu Bunge hakukuwalazimisha majaji wanyamaze juu ya haki. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitamka kwamba haki ya Mtikila imevunjwa, kisha ikaiagiza Tanzania yenyewe irekebishe Katiba na sheria zake. Kalamu ya kuandika marekebisho ilibaki Dodoma. Jopo letu lingeweza kutamka hivyo miaka mitatu kabla.