Fodera: besi iliyozaliwa na ubishi

Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tuliisikia besi kabla hatujajua kuitambua. Solo ndilo linalosifiwa, mwimbaji ndiye anayetunzwa, lakini miguu ya watu uwanjani inaifuata besi. Pamoja na hayo, wapenzi wa magitaa wakikaa kuzungumza, besi hutajwa mwisho, na mafundi wanaoitengeneza hawatajwi kabisa. Leo nataka kuwasemea mafundi wa karakana moja ya Brooklyn, New York, inayoitwa Fodera. Tangu 1983 wanatengeneza besi kwa mkono, na kwa maoni yangu hakuna karakana iliyoonyesha wazi kuliko hiyo kwamba ala nzuri huanzia kwa mpigaji asiyeridhika.

Nasema hivyo nikijua wengi wanaisifu Fodera kwa sababu nyingine. Ukitazama picha za besi hizo, jicho linakimbilia mbao: uso wa bodi wenye mabaka na mawimbi, shingo iliyounganishwa kwa vipande vya mbao za rangi tofauti, nembo ya kipepeo iliyopachikwa kichwani. Ni nzuri mno, sibishi. Lakini mbao nzuri zinauzwa kwa yeyote mwenye fedha, na mafundi wenye jicho la urembo wapo duniani kote. Kama urembo ndio ungekuwa siri yenyewe, Fodera ingekuwa duka la samani za kifahari.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1951 Leo Fender alitoa Precision Bass huko California, gitaa la umeme lenye nyuzi 4 na lenye freti, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokata shingo, lililochukua nafasi ya lile kontrabesi kubwa la kusimama nalo. Nyuzi zikawa 4 kwa sababu kontrabesi ilikuwa na 4, na zikatuniwa vilevile: E, A, D, G. Watu walizoea, na kilichozoeleka kikageuka sheria.

Kijana mmoja wa New York, Anthony Jackson, aliyezaliwa 1952, hakuikubali sheria hiyo. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito kwa wakati mmoja: kama besi ni mwana wa ukoo wa gitaa, na gitaa lina nyuzi 6, kwa nini yeye apewe 4? Hakuwa mtu wa pembeni anayepiga kelele. Ndiye aliyepiga besi ya wimbo mmoja maarufu wa kundi la The O'Jays uliotoka 1973, na mchango wake ulikuwa mkubwa hata akaandikwa miongoni mwa watunzi. Alitaka uzi mmoja chini ya E, yaani B, na mwingine juu ya G, yaani C. Ala hiyo akaipa jina: gitaa la kontrabesi. Mwaka 1975 fundi wa New York, Carl Thompson, akamtengenezea ya kwanza.

Hapo ndipo stori inaponivutia hasa, kwa sababu ala ile ya kwanza haikumtosheleza. Nyuzi zilikaa karibu karibu mno, na Jackson alitaka nafasi ya vidole kama ile ya besi ya kawaida. Mtu mwingine angeshukuru kwamba ndoto yake imekuwa kitu cha kushika mkononi, akaishia hapo. Yeye akaenda kwa Ken Smith, fundi mwingine wa New York aliyekuwa mpiga besi pia, akapata shingo pana zaidi. Bado hakutosheka. Kisha akafika kwa Vinny Fodera, na huyo akakubali kubishana naye kwa miaka na miaka.

Vinny hakuzuka tu. Katikati ya miaka ya 1970 Brooklyn ilikuwa na mafundi mbao waliokuwa wakigawana karakana, mashine na mawazo. Stuart Spector alikuwa hapo, akaanzisha besi zake. Ned Steinberger alikuwa hapo, mbunifu wa samani ambaye 1977 alimchorea Spector bodi iliyopindika ili ikumbatie mwili wa mpigaji, na baadaye akaushangaza ulimwengu kwa besi isiyo na kichwa. Vinny alijifunza kazi kwa Spector, kisha akafanya kazi na Ken Smith. Alipofungua karakana yake 1983, mwenzake alikuwa Joey Lauricella, mpiga besi. Msomaji aliangalie jambo hili vizuri: mmoja fundi, mwingine mpigaji, chini ya paa moja tangu siku ya kwanza. Kwangu mimi hapo ndipo msingi wa Fodera ulipo, kuliko mti wowote walioupasua.

Sasa turudi kwenye ule uzi wa B, kwa sababu ndio uliowasumbua wote. Uzi wa E wa besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde. B hutetema kama mara 31. Ili uzi ushuke hadi huko lazima uwe mnene, na uzi mnene ukiwa mfupi hulegea. Ukilegea, noti inapoteza ukingo wake: unasikia mngurumo bila kujua ni noti gani. Dawa mojawapo ni kurefusha uzi wenyewe. Besi nyingi zina urefu wa uzi wa inchi 34, kutoka daraja, pale nyuzi zinapokaa kwenye bodi, hadi shingo inapokutana na kichwa. Ala za Jackson zikapelekwa hadi inchi 36. Inchi 2 zinaonekana si kitu, lakini kila freti inasogea, mkono wa kushoto unanyooshwa zaidi, na shingo inabeba mvutano mkubwa zaidi wa nyuzi 6. Ukigusa kimoja umegusa vyote.

Shingo ndefu inataka kushikiliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Jackson na Fodera wakaja na umbo ambalo leo linaigwa na watengenezaji wengi: upande wa juu wa bodi hauna ule mkato uliozoeleka, badala yake unapanda na kushikamana na shingo hadi mbali. Anayeliona mara ya kwanza hudhani ni pambo. Umbo lile lilikuja kwa sababu mtu mmoja alilalamikia uzi mmoja, na fundi akayachukua malalamiko yake kama kipimo cha kazi.

Ala hizo za Jackson zina jambo jingine ninalolipenda sana. Hazina vitufe. Hakuna cha sauti, hakuna cha kuongeza wala kupunguza sauti nzito na nyembamba. Pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, inakwenda moja kwa moja hadi kwenye tundu la waya. Fikiria mteja anayelipia ala ya gharama kubwa kiasi hicho, na anachoomba ni kuondolewa vitu. Fundi anayetaka kujionyesha angekataa, au angeweka hata kimoja kwa siri ya kujiridhisha. Fodera waliondoa.

Watu huniuliza: basi ni ala za mtu mmoja, sisi zinatuhusu nini? Jibu langu ni Victor Wooten, mpiga besi wa Marekani. Besi yake kuu, anayoiita nambari moja, ni Fodera Monarch ya nyuzi 4 iliyotengenezwa 1983, mwaka uleule karakana ilipofunguliwa. Nyuzi 4, nasema. Haina uhusiano wa umbo na lile gitaa la kontrabesi la Jackson, tena imewekwa daraja lenye mkono wa kutikisia nyuzi, kitu ambacho wapiga besi wengi hawana haja nacho. Wooten hutumia kidole gumba kupiga kikishuka na kikipanda, mbinu aliyofundishwa na kaka yake Regi, na albamu yake ya kwanza ya peke yake, ya 1996, ni besi karibu mwanzo hadi mwisho. Besi iliyopitia mikono ya namna hiyo kwa miongo minne haibaki nzima yenyewe. Inabaki nzima kwa sababu ipo karakana inayoijua, ambako aliyeitengeneza anaweza kuifungua tena.

Halafu kuna Richard Bona, mpiga besi na mwimbaji. Yeye ametoka Minta, Kameruni, ambako akiwa mtoto alijitengenezea magitaa yake mwenyewe kwa vifaa alivyoviokota. Alipokwenda Ulaya na kisha New York, akapiga na mpiga kinanda Joe Zawinul, akapiga na mpiga gitaa Pat Metheny, na kwa miaka mingi ya kujijengea jina, mikononi mwake ilikuwa Fodera Imperial ya nyuzi 5. Msikilize anapoimba juu ya besi yake mwenyewe: laini, mviringo, haisukumi mtu. Ukiweka Wooten huku, Bona kule, na Jackson katikati akiwa ameketi kwenye kiti chake kama ilivyokuwa kawaida yake, hutaamini besi zao zimetoka benchi moja. Ndivyo suti ya kushonewa ilivyo: hutambui fundi kwa kuitazama, unaona tu kwamba aliyeivaa anatembea vizuri.

Hata umeme wa ndani umepita njia hiyohiyo. Priampu, yaani saketi ndogo ya kukuza na kurekebisha sauti, iliyomo katika besi nyingi za Fodera ilibuniwa na Mike Pope, mpiga besi ambaye pia ni fundi wa elektroniki. Tena mpigaji, tena mtu anayejua kinachotokea jukwaani pale ngoma zinapoingia na besi inapomezwa.

Sasa bei. Besi ya Fodera ya kuagiza kwa vipimo vyako inapita dola 10,000 bila shida. Ile ya Wooten yenye duara la yin na yang, ambayo wengi hudhani imepakwa rangi kumbe ni vipande viwili vya mbao, cheusi na cheupe, vilivyokatwa na kuunganishwa kwa ustadi, imeuzwa kama dola 15,000. Kuna wanaosema huo ni ulimbwende wa matajiri, na sikubaliani nao. Ukihesabu kukausha mbao, kuziacha zitulie, kuchonga shingo kwa mkono, kusawazisha freti moja baada ya nyingine, na kurudia pale inapokataa, gharama inaeleweka. Ninaokasirishwa nao ni wanunuzi wanaoifungia ndani ya kasha wakisubiri bei ipande. Besi iliyofungwa haiwezi kumwambia fundi alipokosea, na bila mtu wa kumwambia, fundi wa aina hii amekatiwa chakula cha akili yake.

Wala siamini kila kinachosemwa kuhusu mbao na sauti. Mti mgumu na mkavu hufanya shingo itulie, hilo halina ubishi. Lakini anayedai kusikia mabaka ya uso wa bodi kupitia spika za ukumbi anajidanganya, au ana kitu cha kuuza. Jambo la mbao linalonihusu zaidi ni mahali zinakotoka. Mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya miti yote ya jamii ya Dalbergia iliwekewa masharti chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mpingo wetu wa Kilwa na Lindi ukiwa mmojawapo. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa katika masharti hayo. Mafundi wa ala walipumua. Mimi nataka wapige hatua nyingine, wamtajie mnunuzi kila ubao ulikatwa msitu gani na nani alilipwa, kwa uwazi uleule wanaotumia kumweleza pikapu. Watu wa Kilwa wameonyesha kwamba kijiji kinaweza kusimamia msitu wake na kuuza mpingo wenye cheti. Hakuna kisingizio.

Vijana wanaopiga besi kwenye bendi zetu na makanisani wananiuliza wafanyeje, kwa kuwa dola 10,000 hawatazipata karibuni. Nawaambia wamfuate Jackson kabla ya kuifuata Fodera. Jua nini hasa kinakukera katika ala uliyo nayo: nyuzi ziko juu mno, shingo imepinda, freti ya saba inatoa mlio wa kukwaruza, waya unanguruma. Mpelekee fundi aliye karibu nawe, kaa naye akifanya kazi, mpigie mbele yake, mwambie bado. Fundi mzuri hakasiriki akiambiwa bado. Tunao mafundi magitaa wenye mikono mizuri Dar es Salaam na Nairobi, ila tunawapelekea kilichovunjika tu, hatuwaletei swali jipya.

Na mimi nikipata nafasi ya kuagiza moja kule Brooklyn, nimeshajua nitakachosema. Nyuzi 5, kwa sababu B naihitaji na C siijui kuitumia kwa heshima. Inchi 34, mkono wangu hauna urefu wa Jackson. Uso wa bodi mbao ya kawaida isiyo na mabaka, na kitufe kimoja tu cha sauti.