Kwa Nini Bado Naitetea Saa ya Mishale

Kwa sisi tunaoishi Tanga, naamini hakuna saa ya mkono inayotufaa kuliko ile ya kawaida yenye mishale. Hesabu yetu ya saa huanzia macheo, kwa hiyo mshale mfupi ukisimama kwenye 7 asubuhi, jicho lililozoea huvuka hadi upande wa pili wa uso wa saa na kusoma 1, bila kujumlisha wala kutoa. Saa janja inayoandika 07:00 humtaka mtu apige hesabu. Na hata ile inayochora mishale, mara nyingi huzima kioo chake ili kuokoa chaji.

Chaji ndiyo inayonisumbua zaidi. Apple ilipoanza kuuza saa yake mwaka 2015 ilitangaza saa 18 za matumizi kwa chaji moja, na umeme ukikatika usiku mmoja tu Ngamiani, mwenye saa ya namna hiyo huamka na bangili. Saa ya mishale ya betri huendeshwa na kipande cha kwatsi, aina ya madini, kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, kazi inayotumia umeme kidogo mno hata betri ndogo ikadumu miaka kadhaa. Ya kwanza ya kwatsi, Seiko Astron, iliuzwa Japani mwaka 1969 kwa bei iliyokaribia ya gari dogo. Leo mtu wa kipato cha kawaida huimudu, na betri ikiisha fundi saa huibadilisha mteja akisubiri.

Sikatai kwamba saa janja ina manufaa. Huangaza mwanga wa kijani kwenye ngozi na kukadiria mapigo ya moyo kutokana na mtiririko wa damu, na baadhi yake, tangu 2018, zinaweza kurekodi umeme wa moyo. Mgonjwa aliyeshauriwa na daktari kufuatilia mapigo yake simzuii kuinunua.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni saa za bei rahisi zinazonadiwa kwamba hupima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba haijaidhinisha saa yoyote inayopima sukari kwa namna hiyo. Wazee wetu wengi wana kisukari, na anayepanga dozi ya insulini kwa kuamini namba hizo anaweza kupoteza maisha, hivyo kijana anayetaka kumzawadia mzazi wake na amnunulie kipimo cha kutoboa kidole pamoja na vijiti vyake.