Mama na Moshi wa Fundi

Hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ukipita na gari linalonuka petroli, hakuna anayewaza kwamba gari ni bovu. Wanajua tu wewe ni mtu wa magendo. Afande mmoja njia ya Tororo alitushusha wote, watoto na mabegi yao ya shule, akapekua mpaka chini ya tairi la spea akitafuta majerikeni. Akaambulia raba za kijana wangu, nazo zina harufu yake.

"Sasa petroli iko wapi?" akauliza, kama mtu anayedai chake.

Taa ya injini nayo ilikuwa inawaka. Fundi akachomeka kimashine chake, kikaandika P0456: mvuke wa petroli unavuja, tena kidogo mno. Tundu la nusu milimita latosha kuwasha taa hiyo. Tukabadilisha kifuniko cha tanki kwanza, maana ni rahisi na mara nyingi ndicho chenye makosa. Taa ikazimika, ikarudi. Harufu haikuondoka hata kidogo.

Jumamosi fundi akaja nyumbani na mashine ya moshi. Mvuke wa tankini hupita kwenye mipira hadi kwenye kopo lenye mkaa, unakaa humo mpaka injini iuvute na kuuchoma. Sasa unapuliza moshi kwenye mipira hiyo, polepole, kisha unangoja uone utakapotokea. Fundi akajilaza uvunguni, tochi mdomoni.

Ukatokea, mweupe, mwembamba kama uzi, juu ya tanki. Kwa furaha nikapaza sauti: "Moshi huo! Moshi!"

Mama alikuwa uani anaosha sufuria za matoke. Yeye alisikia moshi, basi. Akaja mbio na beseni la maji ya sabuni, vipande vya majani ya mgomba vikielea, akalimwaga lote uvunguni.

"Toeni watoto!"

Miguu ya fundi ikarusha mateke. "Mama! Moshi ni wangu!"

"Ni wako? Yaani unamchomea mwanangu gari mchana kweupe?" Akaenda kujaza beseni tena, ikabidi nimshike mkono.

Mpira ulikuwa umekauka kwa joto, ukapasuka palepale klipu inapobana. Fundi akaweka mwingine na klipu mpya, povu likimtiririka shingoni, haongei na mtu. Kisha akaniandikia hesabu: mpira, klipu, kazi ya moshi, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, SHATI.